Tairi pana la baiskeli

Tairi pana la baiskeli ni lile lenye upana wa milimita 35 hadi 55 hivi, linaloweza kutembea kwenye lami na kushuka kwenye changarawe, mchanga na vijia vya miguu bila kubadilishwa. Jembamba kuliko hilo ni la lami tupu. Pana kuliko hilo ni la milimani. Ulaya na Marekani wapenzi wa baiskeli wameligundua upya si zamani. Hata waendeshaji wa mashindano ya barabarani, waliokuwa wameng'ang'ania milimita 23 kwa miaka mingi, sasa wako kwenye 28 na zaidi. Kwa mtu wa Kisesa, karibu na Mwanza, hiyo si habari. Baiskeli kubwa ya ringi 28, iwe Phoenix ya China au ndugu yake wa India, huvaa tairi la milimita 40, na ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za babu waliobebea pamba juu ya keria.

Ardhi inayokanyagwa

Kisesa iko wilayani Magu, kilomita zipatazo 20 mashariki mwa jiji la Mwanza, kwenye barabara kuu ya kwenda Musoma, na hapo ndipo inapounganika lami inayotoka Usagara. Lami ipo, ila mwenye baiskeli haimiliki. Basi likipiga honi nyuma yake, anaachia njia na kushuka kwenye changarawe, mara nyingi kwa kuruka ukingo uliomeguka wenye kina cha nusu kiganja. Pale ndipo tairi jembamba linapoumbuka: ringi inagonga, tyubu inang'atwa, na fundi atakuta matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Huo si mwiba, ni upepo mdogo ndani ya tairi dogo.

Nje ya lami, mwalimu bora wa kuchagua tairi ni Msukuma mkulima, ambaye ameipa ardhi yake majina kwa jinsi inavyoshuka kutoka kilimani hadi bondeni. Juu, karibu na mawe ya matale, kuna luseni, mchanga mwepesi uliotokana na mawe hayo kumomonyoka. Chini yake huja itogolo, ngumu kama sakafu wakati wa kiangazi. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka ukikauka na kunata ukilowa. (Mpangilio wa namna hii ndio Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, aliouita katena katika miaka ya 1930.) Safari moja ya kutoka mlimani Bujora hadi mashambani inaweza kupita kote huko, kwa tairi lilelile.

Upana na upepo

Watu husema tairi pana ni zito kukanyaga. Ni kweli likiwa zito lenyewe, lenye mpira mnene na kashata kubwa zinazonguruma juu ya lami. Upana peke yake hauna kosa hilo. Kinachomchosha mwendeshaji kwenye njia mbovu ni mtikisiko: kila kokoto linaloinua baiskeli pamoja na mtu na mzigo linakula nguvu ya miguu. Tairi lenye nafasi ya kutosha ndani na upepo wa wastani hulimeza kokoto hilo na kusonga mbele. Jan Heine, mhariri wa jarida la Bicycle Quarterly la Marekani, alilishikilia jambo hili kwa majaribio ya barabarani tangu miaka ya 2000, wakati wengi bado wakiamini kwamba tairi gumu kama jiwe ndilo lenye kasi.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu wa kilo 65, baiskeli ya kilo 20 na gunia la kilo 50 ni kilo 135. Gurudumu la nyuma hubeba kama 90 kati ya hizo. Upepo ukiwa bar 4, yaani karibu pauni 58, sehemu ya tairi inayogusa ardhi ni sentimita za mraba 22 hivi, kuzidi kidogo uso wa kiberiti. Upepo ukishuka hadi bar 2 eneo hilo linakuwa maradufu, na luseni haichimbiki tena. Lakini tairi la milimita 40 lenye gunia juu yake halistahimili bar 2. Litang'atwa kwenye jiwe la kwanza. La milimita 50 linasogea karibu na kuweza, na asiye na mzigo ataweza bila wasiwasi. Kwa hiyo gurudumu la nyuma lijazwe zaidi ya la mbele daima. Mafundi wengi hubonyeza kwa kidole gumba tu, na kidole gumba hakijui gunia.

Namba za ubavuni

Neno "ishirini na nane" limewapotezea wengi fedha. Ringi ya baiskeli kubwa ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokalia; ringi ya baiskeli nyingi za gia zinazokuja kama mitumba ina 622, nayo pia huitwa 28. Tairi la 622 halipandi kwenye 635 hata likivutwa kwa vijiko vitatu, na la 635 likivishwa ringi ya 622 linapwaya na kuchomoka. "Ishirini na sita" ni balaa zaidi, kwa kuwa 559 na 590 zote hujificha humo. Isomwe namba ndogo yenye kistari: 40-635 maana yake upana 40, kipenyo 635. Hiyo haidanganyi.

Kisha ipimwe fremu. Kati ya tairi na uma, na kati ya tairi na madigadi, kidole kipite kwa nafasi. Baiskeli nyingi za gia za lami hukataa chochote kinachozidi milimita 32, na hapo hakuna ufundi utakaosaidia.

Mbigili hazichagui upana. Dawa ya wenyeji ni kukata kingo za tairi kuukuu na kulilaza ndani ya lile jipya. Huongeza uzito na kupunguza viraka, na kwa anayesafirisha dagaa alfajiri hiyo ni biashara nzuri.

Kwa Kisesa, basi, milimita 40 ni ya chini kabisa na 50 ndiyo nzuri, kashata ziwe fupi katikati. Isipokuwa mbugani wakati wa masika. Pale tairi pana hubeba tope hadi gurudumu linagoma kuzunguka, jembamba huzama, na baiskeli hubebwa begani hadi ng'ambo.