Mbegu za Mwanamume: Zinavyotengenezwa Mwilini, na Hukumu ya Mume Kupimwa Manii

SWALI:

Mimi naishi Rujewa, Mbeya, nina miaka sita katika ndoa na hatujajaaliwa mtoto. Nimepimwa mara nyingi, hata kutiliwa dawa kwenye mfuko wa uzazi na kupigwa picha, na nimeambiwa niko salama. Mume wangu hataki kupimwa. Anasema nguvu zake ni timamu na manii yanamtoka, na kwamba kutoa manii hospitali ni haramu. Mama mkwe anamhimiza aoe mke mwingine kwa kuwa mimi ni tasa. Nini hukumu yake?

JIBU:

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake.

Hoja za mume ni mbili. Ya kwanza ni ya kitabibu, na hiyo si sahihi. Ya pili ni ya kisheria, nayo inahitaji ufafanuzi. Tutaanza na ya kwanza, kwani hukumu ya kitu hutegemea kukijua kilivyo.

1. Ndani ya korodani

Korodani ikitazamwa kwa hadubini huonekana imegawika vyumba vidogo vipatavyo 250. Kila chumba kina vijirija kati ya kimoja na vinne, vilivyojikunja kama uzi. Kijirija kimoja kikinyooshwa hufika sentimita 30 hadi 70, na upana wake hauzidi robo ya milimita. Humo ndimo mbegu zinamotengenezwa.

Ukutani mwa kijirija, upande wa nje, zimekaa seli mama. Seli mama hugawika; baadhi hubaki kuwa akiba, nyingine husogea kuelekea katikati. Katika safari hiyo kromosomu zake 46 hupunguzwa kuwa 23, ili zikikutana na 23 za mke zitimie 46. Hapo ndipo baadhi ya mbegu hubeba alama ya X na nyingine ya Y. Mke hutoa X peke yake. Kwa hiyo mtoto kuwa wa kike au wa kiume, kwa sababu ya kimaumbile, hutokana na mbegu ya baba, na anayemlaumu mkewe kwa kuzaa mabinti amemdhulumu mara mbili.

Baina ya mbegu zinazokua zimesimama seli ndefu ziitwazo seli za Sertoli, kwa jina la tabibu wa Italia, Enrico Sertoli, aliyezieleza mwaka 1865. Hizi ni walezi. Hulisha mbegu changa, hula mabaki yake, na hushikana zenyewe kwa zenyewe kuwa kizuizi, ili kinga ya mwili isizione mbegu na kuzishambulia kama mgeni. Nje ya vijirija, karibu na mishipa ya damu, zipo seli za Leydig. Kazi yake ni kutengeneza homoni ya testosteroni, ambayo huleta ndevu, sauti nzito na matamanio.

Hapa ndipo penye jibu la hoja ya kwanza. Nguvu za kiume hutegemea testosteroni, damu, mishipa ya fahamu na utulivu wa moyo. Mbegu hutoka kwenye vijirija. Ni kazi mbili zinazosaidiana, lakini moja yaweza kusimama na nyingine ikaendelea. Hata anayejidunga testosteroni ili apate misuli huweza kukatisha utengenezaji wa mbegu, kwa sababu ubongo ukiona homoni imejaa damuni huacha kuziamrisha korodani.

2. Safari ya mbegu na maji yake

Utengenezaji wa mbegu huchukua siku zipatazo 74. Mbegu ikitoka kwenye kijirija ina kichwa na mkia, lakini haijui kuogelea. Huingia katika epididimisi, mrija uliojikunja nyuma ya korodani wenye urefu wa takriban mita 6, ikapevuka humo kwa siku kadhaa. Kisha hupita katika mrija wa manii, ambao kuta zake ni misuli minene inayoisukuma wakati wa kumwaga.

Maji tunayoyaona si mbegu. Zaidi ya nusu yake hutoka kwenye vifuko vya manii, yakiwa na sukari ya kuzilisha mbegu. Sehemu kubwa ya yaliyobaki hutoka kwenye tezi dume. Mbegu zenyewe ni kiasi kidogo mno, na kila moja haifiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Mtu huweza kutoa manii mengi, mazito, yasiyo na mbegu hata moja. Wakulima wa mpunga wa Usangu wanalijua hili shambani: mpunga husimama kijani na maji yamejaa, lakini ukipepeta ukakuta mapepe matupu.

3. Manii, madhii na wadii

Madhii ni maji mepesi yanayonata, hutoka kwa matamanio kabla ya manii, kutoka tezi ndogo zilizo chini ya tezi dume. Ni najisi; mtu huosha tupu yake na kutawadha. 'Aliy (Radhiya Allaahu 'anhu) yalikuwa yakimtoka sana, akaona haya kumuuliza Mtume kwa kuwa alikuwa mkwewe, akamtuma Al-Miqdaad amuulizie. Haya haikumzuia kutafuta elimu. Alitafuta njia yenye adabu. Wadii ni maji mazito meupe yanayofuata mkojo, nayo hukumu yake ni kama mkojo. Manii yakitoka huwajibisha josho la janaba, nayo ni twahara katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy.

4. Yanayodhuru mbegu

Korodani zimewekwa nje ya tumbo kwa sababu zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Homa kali yaweza kupunguza mbegu kwa miezi miwili au mitatu. Kisonono kisichotibiwa huweza kuziba epididimisi. Matumbwitumbwi yakimpata mtu mzima huweza kuunguza vijirija. Kichocho cha mkojo, maradhi yanayofahamika vyema Unguja na Pemba, mtu huyapata akisimama katika maji yenye konokono wake, na mayai ya minyoo hiyo hufika hadi kwenye tezi dume na vifuko vya manii. Mkulima wa majaruba akiona damu kwenye mkojo au manii asisubiri, aende hospitali.

5. Hukumu ya kupimwa

Kutafuta tiba ni jambo la kisheria, na kupima manii kwa ajili ya tiba inajuzu. Njia iliyo salama zaidi ni mume kutoa manii kwa mkono wa mkewe, na kumwaga katika chombo safi walichopewa na hospitali. Hakuna haramu katika hilo. Ikishindikana kabisa, wanachuoni wengi wa zama hizi wameruhusu kujitoa mwenyewe kwa kiasi cha dharura tu. Isifanywe mchana wa Ramadhaan, kwani hufunguza.

Mume akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga, na chombo kifike maabara ndani ya saa moja kikiwa na joto la mwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 umeweka kiwango cha chini kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Kipimo kikiwa kibaya kirudiwe baada ya miezi mitatu, maana mbegu za leo zilianza kutengenezwa zaidi ya miezi miwili iliyopita.

6. Nasaha

Tatizo la mwanamume huchangia katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto. Katika Suurat Ash-Shuuraa, aya ya 49 na 50, Allah Amewataja wanaopewa mabinti, wanaopewa wavulana, wanaopewa wote, na wanaojaaliwa utasa. Hili la mwisho halikuhusishwa na wanawake peke yao. Basi kumwita mke tasa ilhali mume hajapimwa ni kusema bila elimu, na ni kumvunjia heshima Muislamu.

Mume asimuache mkewe abebe vipimo vya maumivu naye akikataa kipimo kisicho na maumivu. Akitaka kuoa mke wa pili sheria haimkatazi akiweza uadilifu, lakini ndoa hiyo haitaponya tatizo lililo kwake, bali itaongeza mwanamke mwingine wa kulaumiwa. Anayejua kuwa hana mbegu ni wajibu amweleze anayemchumbia.

Likipatikana tatizo, mengi yana tiba. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Amman mwaka 1986, liliruhusu upandikizaji baina ya mume na mke walio katika ndoa, na likaharamisha mbegu au yai la mtu wa tatu.

Dada yetu, muombe mumeo kwa upole, na ikibidi mtume mtu mzima anayemheshimu, kama 'Aliy alivyomtuma mwenzake. Na mzidishe du'aa, kwani Nabii Zakariyyaa aliomba akiwa mkongwe, na mkewe tasa, akapewa Yahyaa.

Na Allah Anajua zaidi.