Urithi wa Vigeu vya Mazingira katika Mifumo ya Unix, 1979–2017

Vigeu vya mazingira ni majina pamoja na thamani zake, ambayo kila programu huyarithi kwa mzazi wake, yaani programu iliyoianzisha. Urithi huu una kanuni moja: mtoto hupewa nakala, naye akiibadili, mzazi hapati badiliko hilo. Kanuni hii ndiyo ufunguo wa historia tuielezayo.

Vigeu hivi vilianza katika Toleo la 7 la Unix, lililotolewa na Bell Laboratories mwaka 1979. Zama hizo mtu aliingia kwa mlango mmoja tu, nao ni kituo cha maandishi. Programu ya kumpokea, ikiisha kuhakiki neno lake la siri, ilianzisha kifasiri-amri cha Stephen Bourne na kutia kistari mwanzoni mwa jina lake. Kistari hicho kilikuwa ishara ya kwamba faili la .profile lisomwe, basi kila programu iliyofuata ilirithi yaliyomo.

Mwaka 1984 mfumo wa madirisha wa X ulianzishwa MIT, na mwaka 1988 toleo la X11R3 lilileta XDM, programu ya kumpokea mtumiaji kwa skrini ya michoro. Hapo ukafunguliwa mlango wa pili. XDM iliendesha hati iitwayo Xsession, nayo ikatafuta faili la .xsession; kistari hakikuwapo, wala .profile halikusomwa. Tena, mtu akiweka kigeu katika dirisha moja la amri, madirisha mengine hayakukipata, kwa kuwa yalikuwa ndugu zake, si watoto wake.

Tiba ziliandamana. Baadhi ya wasambazaji walitia katika hati zao amri ya kusoma .profile, wengine walitegemea PAM, ambayo moduli yake pam_env husoma /etc/environment. Mwaka 2017 systemd, toleo la 233, ilileta saraka za environment.d, zisomwazo na msimamizi wa huduma za mtumiaji.

Jambo hili lawahusu wanalugha. Kigeu LANG ndicho kichaguacho lugha ya ujumbe na namna ya kuandika tarehe. Maktaba ya GNU ya lugha ya C ina sw_KE na sw_TZ; lakini aliyeandika LANG=sw_TZ.UTF-8 mahali pasiposomwa na mlango alioingilia, ataona lugha nyingine, na pengine adhani tafsiri haikufanywa. Kazi ya mfasiri hupotea hivyo pasipo kosa lake. Kwa hiyo atafitiye Kiswahili katika kompyuta asihesabu tafsiri tu. Na achunguze pia urithi uliozifikisha, au uliokosa kuzifikisha, kwa msomaji.