Magari ya Misuli: La Babu au la Mjukuu?

Wasomaji wangu, leo tuweke siasa pembeni kidogo tuongelee magari. Msiogope, siasa itatufuata hukohuko.

Kuna ubishi ambao vijana wapenda magari hawachoki kuurudia. Lipi bora: gari la misuli la Marekani la miaka ya 60, au hili la kisasa lililochongwa lifanane nalo? Mmoja atakwambia yale ya zamani ndiyo yalikuwa magari, haya ya sasa ni kompyuta zenye matairi. Mwenzake atamjibu kwamba la zamani halikati kona wala halisimami ukilikanyagia breki. Mimi naona wote wawili wanabishania chuma, wakati swali lenyewe ni la kumiliki. Ukishakabidhiwa ufunguo, nini hasa kinakuwa chako? Kulijibu hilo inabidi twende Detroit.

Kwanza tuelewane. Gari la misuli ni gari la kawaida, la ukubwa wa kati au dogo kidogo, lililofungwa injini kubwa kupita mwili wake. Halikukusudiwa kuwa gari la tajiri. Lilikusudiwa kijana mwenye kazi, mwenye haraka na asiye na fedha za Ferrari.

Kisa chake kinaanza na ujanja. Mwaka 1963 kampuni ya General Motors ilijitoa kwenye mashindano ya magari. Tena ilikuwa na sheria ya ndani: gari la ukubwa wa kati lisifungwe injini inayozidi inchi 330 za ujazo, yaani cc 5,400 hivi. Pale Pontiac, moja ya matawi yake, alikuwepo mhandisi aitwaye John DeLorean. Yeye na wenzake waliisoma ile sheria vizuri, kama wakili anavyosoma mkataba. Wakaona inahusu gari jipya linalotolewa, haisemi kitu juu ya kifurushi cha nyongeza ambacho mteja anakichagua mwenyewe. Basi, kwa magari ya mwaka 1964, wakachukua injini ya cc 6,400 yenye nguvu za farasi 325, wakaifunga kwenye Tempest ya LeMans na kuiita nyongeza. Jina wakalichukua kwa Ferrari bila haya: GTO. Wakubwa walikubali kwa shingo upande, wakifikiria magari 5,000 tu. Yakauzwa 32,450.

Mwaka huohuo, tarehe 17 Aprili, Ford walizindua Mustang kwenye maonesho ya dunia ya New York. Chini ilikuwa Falcon, gari la kawaida kabisa, lakini juu ilivaa suti. Bei ilianzia dola 2,368, wakati familia ya kipato cha kati Marekani ilikuwa ikipata kama dola 6,600 kwa mwaka. Siku ya kwanza pekee zilipokelewa oda 22,000. Baada ya hapo kila kiwanda kikakimbilia ngoma hiyo: Charger, Camaro, Road Runner, Challenger. Chrysler nao wakaleta injini yao maarufu ya Hemi, cc 7,000, iliyoanza kwenye mashindano mwaka 1964 na kuingia magari ya barabarani mwaka 1966 ikitangazwa kuwa na farasi 425.

Kwa nini wakati ule? Kwa sababu watoto waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwa ndio wanapata leseni, kazi zilikuwepo na petroli ilikuwa ya bei chee. Usiku wa Detroit, Woodward Avenue iligeuka uwanja wa mashindano kutoka taa hadi taa. Lakini tusijidanganye kwamba ilikuwa peponi. Julai 1967 jiji hilohilo liliwaka moto kwa machafuko yaliyotokana na ubaguzi na mikono mizito ya polisi, na watu 43 wakafa. Detroit ilikuwa ikitengeneza ndoto za Wamarekani wote, huku wakazi wake wengi weusi wakibanwa kwenye mitaa yao.

Sasa tuje kwenye sifa za injini, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Zile farasi 425 za Hemi zilipimwa injini ikiwa mezani, haina feni, haina jenereta, haina chujio la hewa wala bomba kamili la moshi. Ni sawa na kumpima bondia uzito akiwa amevaa koti, ila hapa koti limevuliwa ili namba ipande. Kuanzia mwaka 1972 viwanda vya Marekani vikahamia kwenye kipimo cha injini ikiwa imevaa mizigo yake yote. Kwa kipimo hicho Hemi ilikuwa na farasi kama 350. Leo Mustang ya bei ya chini kabisa, yenye silinda nne na injini ya cc 2,300 yenye turbo, ina farasi 315. Mustang GT ya mwaka 2024 ina 480. Kwa hiyo anayesema ya zamani yalikuwa na nguvu kuliko ya sasa, mwambie arudi kwenye hesabu.

Na breki je? Mengi ya yale magari yalitoka kiwandani na breki za ngoma magurudumu yote manne, matairi membamba, na usukani usiokuwa na huruma na kifua cha dereva. Mwaka 1965 Ralph Nader aliandika kitabu kuhusu hatari za magari ya Marekani, na mwaka 1966 Bunge la huko likapitisha sheria ya usalama. Kuanzia mwaka huo hadi 1973, kila mwaka barabara za Marekani ziliua watu zaidi ya 50,000. Sisi waandishi wa habari tunajua namba kama hiyo inavyosomwa haraka na kusahaulika. Hebu isome tena taratibu.

Kingine ni moshi. Zile injini zilikuwa na mgandamizo mkubwa, na ili zisigonge zilihitaji petroli yenye madini ya risasi. Risasi hiyo ilitoka kwenye bomba la moshi ikaingia hewani, na sumu yake huumiza zaidi akili za watoto. Hapa na sisi tumo. Petroli ya risasi haikuishia Marekani, ilikuwa ikiuzwa huku kwetu pia, hadi mataifa ya Afrika yaliyo kusini mwa Sahara yalipokubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na ikaondoka ulipoanza mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Basi kilichoyaua magari ya misuli si kitu kimoja. Kampuni za bima zilipandisha malipo kwa vijana mpaka bima ikawa inauma kama mkopo wa gari lenyewe. Tarehe 31 Desemba 1970 Rais Nixon alisaini sheria ya hewa safi, na kuanzia magari ya 1971 General Motors ikashusha mgandamizo wa injini zake. Kisha Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikaifungia Marekani mafuta, bei ya pipa ikapanda mara nne hivi ndani ya miezi michache, na madereva wakapanga foleni. Mwaka 1974 mwendo wa juu kwenye barabara kuu ukawekwa maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88. Mwaka huohuo GTO, Barracuda na Challenger zikafa. Mustang ilisalimika kwa kusinyaa: ile ya 1974 haikuwa na V8 kabisa, na injini yake kubwa ilikuwa na farasi 105. Kumi tu ya miaka tangu suti ya New York, mwenye suti amekonda.

Yale yaliyobaki barabarani yaliuzwa kwa bei ya kutupa. Nani alitaka gari linalokunywa mafuta wakati wa foleni? Lakini vijana wa miaka ya 60 walipozeeka wakawa na fedha, wakaanza kuzitafuta ndoto zao. Mwaka 2014 Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 isiyo na paa ngumu iliuzwa mnadani dola milioni 3.5. Januari 2020 ile Mustang ya kijani aliyoendesha Steve McQueen kwenye filamu ya Bullitt ya mwaka 1968 ilipita dola milioni 3.7 pamoja na ada za mnada. Gari la mfanyakazi limekuwa kama mchoro wa kutundika ukutani.

Viwanda navyo vilinusa harufu hiyo ya kumbukumbu. Ford walirudisha sura ya miaka ya 60 kwenye Mustang ya 2005, Dodge wakaifufua Challenger mwaka 2008, na Camaro ikarudi kwa mwaka 2010, huku General Motors yenyewe ikifilisika Juni 2009. Pontiac, waliowasha moto wote huu, walifungwa moja kwa moja. Kisha mashindano ya namba yakaanza upya: Hellcat ya 2015 na farasi 707, Demon ya 2018 na 840, Demon 170 ya 2023 na 1,025. Desemba 2023 Challenger na Camaro zikasimamishwa kwa mara nyingine. Dodge waliofuata wakaleta Charger ya umeme yenye spika za kutengeneza mngurumo. Ndugu zangu, gari linaloigiza sauti ya babu yake!

Nirudi kwenye swali la kumiliki. Hellcat ilikuja na funguo mbili. Mweusi unakupa farasi 500, mwekundu unakupa zote 707. Ni kitu cha busara ukimwachia mtu gari lako. Lakini pia inakwambia ukweli wa gari la kisasa: nguvu uliyoilipia inakaa ndani ya programu, na programu ndiyo inayoamua. Likigoma, fundi hasikilizi injini, anachomeka mashine ya kusoma. Asipokuwa na mashine inayoelewana na gari hilo, wewe na mali yako mnangoja.

GTO ya 1964 ukifungua boneti unaona chini. Kuna kabureta, plagi, mkanda, na nafasi ya kuingiza mikono. Fundi wa Gerezani au wa Grogan kule Nairobi, ambaye hajawahi kuliona maishani, atakaa nalo siku mbili na kulielewa. Ni kweli atakutana na taabu: vipuri vinatoka mbali, kutu haina rafiki, na injini za enzi ile zilizoea risasi kulinda vikalio vya valvu, kwa hiyo wengi hubadilisha vikalio hivyo ili ziwe salama na petroli ya leo. Lakini kila tatizo lina bolti yake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwa kupanda na watoto, kwa kukata kona kwenye mvua, kwa hewa ya jirani, la kisasa limeshinda, na ushindi huo ulipatikana kwa sheria zilezile ambazo mashabiki wanazilaumu. Hellcat yenye farasi 707 na yenye breki za kweli isingekuwepo kama wahandisi hawakulazimishwa kujifunza upya kuchoma mafuta na kusimamisha gari. Anayelilia miaka ya 60 akumbuke pia wale 50,000 wa kila mwaka.

Ila kwa kumiliki hasa, la zamani linanishawishi zaidi, na wala si kwa sababu ya mngurumo. Wahandisi wa Pontiac walipata GTO kwa kusoma sheria ya wakubwa wao na kupenya katikati ya mistari. Mnunuzi naye aliweza kufanya vivyo hivyo nyumbani kwake: abadilishe kabureta, aguse gia, alikosee, alirekebishe. Hilo ndilo ningependa gari la kesho, hata likiwa la umeme na hata likiwa kimya, limrudishie mwenye nalo. Tuchukue breki za mjukuu, na tudai boneti ya babu.