Kiunzi Kiyeyukacho Mwilini

Msomaji, chukua mfupa mwembamba wa kuku, uuloweke katika siki kwa siku kadhaa. Utaona wapindika kama mpira, kwa kuwa siki imeondoa madini yake. Chukua mwingine, uutie motoni. Umbo lake litabaki, lakini ukiubana kwa vidole utasagika, maana moto umekula nyuzi zake laini. Basi mfupa si kitu kimoja, bali ni vitu viwili vilivyoshikana, na hapana kati yao kiwezacho kuubeba mwili peke yake. Wapasuaji waliotaka kuziba pengo la mfupa walichukua muda mrefu sana kulifuata somo hilo.

Katika kitabu cha mpasuaji wa Uholanzi, Job van Meekeren, kilichotoka mwaka 1668, mna kisa cha askari wa Urusi aliyezibwa tundu la fuvu kwa mfupa wa mbwa. Akapona. Lakini Kanisa likamtenga kwa kubeba mfupa wa mnyama, naye maskini akarudi kuomba utolewe. Haukutoleka, ulikuwa umekwisha kushikamana na wake!

Karne ya 20 iliegemea zaidi chuma. Chuma kina nguvu, ila kina kasoro mbili: hujitwika mzigo wote hata mfupa ulio chini yake ukadhoofu kwa kukosa kazi, na mara nyingi mgonjwa hupasuliwa tena ili kitolewe.

Je, haiwezekani kupata msaidizi ajiondokeaye mwenyewe? Washonaji wa vidonda walikuwa naye tangu zamani: uzi wa utumbo wa kondoo, ambao mwili huumeng'enya polepole. Mwaka 1966 R. K. Kulkarni na wenzake, watafiti wa jeshi la Marekani, walieleza jinsi walivyotia katika miili ya wanyama polima iliyotengenezwa kwa asidi ya laktiki. Asidi hiyo si mgeni kwako. Misuli yako huitoa ukimbiapo mbio kali. Polima hiyo huvunjwa na maji ya mwili, na mwisho wake ni maji na hewa ya kaboni utoayo puani.

Mwaka 1984, mjini Helsinki, Pentti Rokkanen na wenzake walianza kufunga vifundo vya miguu vilivyovunjika kwa vijiti vya polima za jamii hiyo. Wengi walipona bila kupasuliwa mara ya pili. Lakini baadhi yao walifura baada ya majuma kadhaa, usaha usio na vijidudu ukatafuta njia ya kutokea. Vijiti vile viliyeyuka upesi kuliko mwili ulivyoweza kuyaondoa mabaki. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kiini cha habari hii: kuyeyuka si kazi ngumu, kazi ni kuyeyuka kwa wakati wake.

Dawa ikatafutwa katika mfupa wenyewe. Polima ilichanganywa na chembe za madini ya kalisiamu na fosfati, ndugu wa yale yaliyoondolewa na siki katika mfupa wa kuku. Madini hayo huongeza ugumu, hupunguza ukali wa asidi, na seli za mfupa hupenda kushika juu yake. Mwaka 1993 Wamarekani Robert Langer na Joseph Vacanti walieleza kwa upana elimu hii iitwayo uhandisi wa tishu: kiunzi chenye vitundu vingi hutiwa mwilini, seli huingia na kujenga, nacho huondoka kidogo kidogo kama majukwaa ya waashi nyumba ikiisha.

Vitundu hivyo havina budi kupitisha mishipa ya damu, na katika pengo kubwa damu huchelewa kufika katikati. Kwa hiyo hata leo, mfupa mrefu ukipoteza sehemu kubwa, wapasuaji wengi bado humega mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe, naye huamka ana maumivu mahali pawili.