Uwindaji katika Mkoa wa Tanga

Uwindaji katika Mkoa wa Tanga ni shughuli ya kusaka wanyamapori kwa ajili ya nyama, pembe, ngozi, ulinzi wa mashamba au michezo katika kaskazini mashariki mwa Tanzania. Eneo hilo linaanzia pwani ya Bahari ya Hindi, kupitia Bonde na Uzigua, hadi milima ya Usambara na nyika ya Mkomazi. Wenyeji wake ni pamoja na Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wazigua na Washambaa. Zamani uwindaji ulikuwa chanzo cha chakula na hata cha utawala. Leo unasimamiwa na sheria, na sehemu kubwa ya mapori ya zamani ya kuwindia yamekuwa hifadhi.

Uwindaji wa jadi

Kabla ya bunduki kuenea, watu waliwinda kwa mikuki, pinde na mishale, mbwa, nyavu, mitego ya kamba na mashimo yaliyofunikwa kwa majani. Mishale ya kuulia wanyama wakubwa ilipakwa sumu, hasa ile iliyochemshwa kutokana na mti wa msunguti. Wakamba, ambao baadhi yao walihamia maeneo haya, walijulikana sana kwa kuwinda tembo kwa njia hiyo.

Simulizi maarufu ya uwindaji katika mkoa huu ni ya Mbegha, mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi. Imeandikwa katika kitabu cha Kiswahili Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi. Mbegha alikuwa mwindaji wa nguruwe kutoka Unguu. Ndugu zake walimnyima urithi kwa kuwa alihesabiwa kigego, yaani mtoto aliyeota kwanza meno ya juu. Alifika Usambara pamoja na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama kwa wenyeji, na mwishowe akafanywa mtawala huko Vugha. Kwa simulizi hiyo, haki ya kutawala ilitokana na kulinda mazao na kulisha watu.

Kuja kwa bunduki

Katika karne ya 19 bunduki nyingi kutoka Ulaya na Marekani ziliingia kupitia Zanzibar, zikapelekwa bara na misafara iliyoondokea Pangani, Tanga na bandari nyingine za pwani. Misafara hiyo ilirudi na pembe za ndovu na watumwa. Biashara ya pembe ilifanya tembo wapungue karibu na pwani, na wawindaji wakalazimika kwenda mbali zaidi.

Bunduki zilibadilisha pia siasa. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, katika miaka ya 1860, mwanawe Semboja alikaa Mazinde, bondeni karibu na njia ya misafara. Huko alipata bunduki na baruti kwa urahisi kuliko watawala wa mlimani, na nguvu za Vugha zikapungua.

Kiswahili kimehifadhi majina ya aina za bunduki za wakati huo:

- Bunduki ya mrau: iliwashwa kwa utambi wenye moto.
- Gumegume: iliwashwa kwa cheche za jiwe.
- Bunduki ya fataki: nyundo yake ilipiga kifuniko kidogo chenye baruti kali.
- Gobore: jina la jumla la bunduki ya kushindilia, ambayo baruti na risasi hutiwa kwa mdomo wa mtutu na kushindiliwa kwa mdeki.
- Bunduki ya viasi: hupakiwa kwa nyuma kwa risasi zilizo tayari ndani ya ganda.

Mwenye gobore alipata nafasi ya kupiga mara moja tu, kisha alihitaji muda wa kupakia tena. Kwa hiyo alilazimika kumkaribia mnyama sana, na akikosa shabaha mbele ya nyati au tembo alikuwa hatarini.

Sheria za kikoloni

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Waafrika wengi wakabaki na magobore huku Wazungu wakitumia bunduki za viasi. Mwaka 1896 gavana Mjerumani Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyodai leseni na kutenga maeneo ya kwanza yasiyoruhusiwa kuwindwa. Waingereza waliunda Idara ya Wanyamapori mwaka 1919, na sheria ya 1951 ikaimarisha hifadhi. Mkomazi ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka huohuo.

Kwa mkulima wa kawaida maana ya sheria hizo ilikuwa kwamba mtego wa babu yake sasa uliitwa ujangili, wakati mgeni mwenye fedha za leseni aliweza kuwinda kihalali.

Baada ya uhuru

Mwaka 1973 serikali ya Tanzania ilisimamisha uwindaji. Uwindaji wa kitalii ulirudishwa mwaka 1978. Ujangili wa tembo na faru ulizidi katika miaka ya 1970 na 1980, na mwaka 1989 serikali ilianzisha Operesheni Uhai dhidi ya majangili.

Saadani, iliyokuwa pori la akiba, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ndani yake imo ardhi ya iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, iliyosumbuliwa na mbung'o na kufungwa mwaka 2000. Mkomazi nayo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Uwindaji hauruhusiwi katika hifadhi za taifa.

Sheria ya sasa

Sheria kuu ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Mwindaji anahitaji vibali viwili tofauti: leseni ya silaha, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na leseni ya kuwinda kutoka mamlaka za wanyamapori. Kumiliki bunduki pekee hakumpi mtu haki ya kuwinda. Twiga, mnyama wa taifa, haruhusiwi kuwindwa.

Ni marufuku kutumia sumu, mitego, mashimo, nyavu au bunduki za kujifyatua mfululizo, na pia kuwapiga wanyama kutoka ndani ya gari. Njia hizo huua bila kuchagua, au huacha wanyama wengi wamejeruhiwa. Kwa sababu hiyohiyo aina ya bunduki ni muhimu. Kwa ndege kama kanga na kwale hutumika bunduki ya marisawa. Kwa nyati na wanyama wengine hatari hutumika bunduki yenye kipenyo cha inchi .375 au zaidi, kwa kuwa risasi ndogo humjeruhi mnyama bila kumwangusha.

Magobore yanayotengenezwa na wahunzi wa vijijini bado hupatikana. Kuyamiliki bila leseni ni kosa, na mtutu dhaifu unaweza kupasuka na kumjeruhi mpigaji.

Uwindaji na maisha ya wenyeji

Waislamu ni wengi pwani, hivyo nguruwe na ngiri huuawa hasa kwa kulinda mihogo na mahindi, si kwa chakula. Kwa wanyama walio halali, mwindaji hutaja jina la Mwenyezi Mungu anapopiga, na hujitahidi kumfikia mnyama angali hai ili amchinje.

Mgongano kati ya wakulima na wanyama unaendelea katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, ambako tembo huingia mashambani. Sheria inaruhusu mtu kumuua mnyama anapojihami, lakini ni lazima atoe taarifa. Kwa kanuni za 2011, serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Malipo hayo si fidia kamili ya hasara.

Tazama pia

- Hifadhi ya Taifa ya Saadani
- Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi
- Wakilindi
- Ujangili