Alikuja Kuuliza Njia
Mgeni akishuka Malindi, tuktuk humpeleka moja kwa moja hadi Mnara wa Vasco da Gama. Anapiga picha, basi, historia imeisha. Mimi huwauliza: Mreno huyo alipotia nanga hapa 1498, nani alimvusha hadi Calicut? Ni rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, mtu aliyezijua nyota na pepo za kusi. Jina lake bado linabishaniwa, na mnara hakujengewa. Kumbe mwaka 1415 twiga wa Malindi alishafikishwa China! Nendeni pia Msikiti wa Juma, mkayaone makaburi ya nguzo. Da Gama hakuugundua mji huu. Alikuja kuuliza njia.