Walokole na swali la mali

Katika makanisa mengi ya mijini siku hizi husemwa kwamba wamisionari walituletea dini ya umaskini, wakatufundisha kuvumilia dhiki za dunia tukingojea raha ya mbinguni, mpaka wahubiri wa mafanikio walipokuja kutufungua macho. Maelezo hayo yanapendeza kusikia, ila hayalingani na historia ya Afrika Mashariki. Ukristo uliingia kwetu ukiwa umefuatana na biashara, na katika baadhi ya nchi haukumaliza hata kizazi kimoja kabla ya kuwa njia fupi kuliko zote ya kupata cheo, ardhi na mshahara. Kilichofuata baadaye, na kwa sehemu kubwa kutoka kwa Waafrika wenyewe, ni vuguvugu la uamsho la Walokole, yaani waliookoka, lililomtaka Mkristo aeleze mali yake ameipataje. Swali hilo ndilo tulilolipoteza, na hasara yake tunaiona kila Jumapili.

Desemba 1857 David Livingstone aliwahutubia wasomi wa Cambridge, akawasihi wasaidie kuifungua Afrika kwa biashara na Ukristo kwa pamoja. Kwake hayo mawili hayakugombana, maana aliamini biashara halali ingeiua biashara ya watumwa. Buganda ndiko ndoa hiyo ilikozaa haraka zaidi. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana, walifika kwa mfalme wake, Kabaka Mutesa, mwaka 1877, mapadre Wakatoliki wa White Fathers wakafuata 1879, na haikupita miaka 15 kabla vijana wa ikulu waliojifunza kusoma Injili hawajagawanyika katika kambi za kidini zenye bunduki. Waprotestanti waliposhinda vita vya Mengo Januari 1892, wakisaidiwa na Mwingereza Kapteni Lugard, vyeo viligawanywa kwa kufuata dhehebu. Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda ukaweka muhuri: machifu na watu mashuhuri wapatao elfu moja walitengewa ardhi ya kumiliki binafsi, ile inayoitwa mailo hadi leo, na wakulima waliokuwa wakiishi juu yake wakajikuta wapangaji. Makanisa nayo yalipata sehemu yao. Mwaka 1903 ikaundwa Uganda Company, iliyorithi kazi za ufundi za CMS, na mbegu za pamba ilizozigawa kupitia machifu zikawa chanzo cha utajiri mpya. Mwaka 1906 shule ya Budo ikafunguliwa kwa ajili ya wana wa wakubwa. Kufikia miaka ya 1920, kanisa kuu la Kianglikana la Namirembe lilikuwa kanisa la watu waliofanikiwa, na kijana aliyetaka kupanda ngazi alijua kwamba ngazi yenyewe inaanzia kwenye darasa la ubatizo.

Simeoni Nsibambi alikuwa zao la utaratibu huo. Alisoma Budo, akahudumu katika kikosi cha matibabu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akapata kazi ya heshima katika idara ya afya. Alitamani sana nafasi ya kusoma ng'ambo. Alipoikosa aliumia, na kwa ushuhuda wake mwenyewe ndipo alipotambua kwamba wokovu unazidi masomo aliyonyimwa. Baadaye aliacha kazi ya serikali akawa anahubiri barabarani. Septemba 1929 alikutana Namirembe na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, ambaye alikuwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali iliyoikumba nchi ile. Walisoma Biblia pamoja, wakaomba pamoja. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini, akafariki Januari 1936 akiwa bado kijana. Katika muda mfupi uliofuata moto wa uamsho ulitoka Gahini ukafika Uganda yote, Kabete nchini Kenya, na Bukoba kwa Walutheri wa Tanganyika.

Kilichowashtua wakubwa wa kanisa na wa serikali hakikuwa nyimbo wala machozi ya toba pekee. Walishtushwa na marejesho. Mtu aliyeokoka hakuishia kusema amesamehewa. Alitoka akamtafuta aliyemdhulumu, akiwa na kitu chenyewe mkononi. Mhudumu wa hospitali alirudisha shuka na vifaa alivyochukua, karani alirudisha fedha alizozichota ofisini, aliyekwepa kodi alikwenda kuilipa bila kuitwa. Kama Zakayo, hawakuona namna ya kumpokea Yesu nyumbani huku mali ya wenzao ikiwa imo humo humo. Kisha kulikuwa na ushirika wa kila wiki, ambapo ndugu walielezana mambo yao nuruni: madeni, mahari, ununuzi wa shamba, ugomvi wa mirathi. Huko chifu na kibarua waliketi benchi moja, na kibarua aliruhusiwa kuuliza. Haishangazi kwamba jambo hili lilizua uhasama. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, walifukuzwa baada ya kukataa kuacha mikutano yao ya alfajiri, akiwemo William Nagenda, ambaye naye alikuwa ameacha utumishi wa serikali.

Atakuwepo wa kusema kwamba Walokole nao walifanikiwa, kwa hiyo tofauti yao na wahubiri wa leo ni ya maneno tu. Ni kweli walifanikiwa. Asiyelewa hapotezi mshahara kilabuni, na asiyeiba hukabidhiwa funguo za stoo. Watoto wao walisoma, na kutoka kwao wakatokea viongozi kama Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977. John Wesley aliliona jambo hili Uingereza tangu karne ya 18: Wamethodisti wake walikuwa wachapakazi na wabanaji wa matumizi, wakatajirika, naye uzeeni akahofu kwamba utajiri huo huo ungewazima imani, hasa kama hawakutoa walichokipata. Lakini kwa Wesley na kwa Walokole mali ilikuwa matokeo, tena matokeo ya kuogopwa. Hakuna aliyeitumia kama kipimo cha imani ya mtu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ukali wao uliwadhuru watu. Nakubali. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kundi la Bazukufu ndani ya uamsho huo, chini ya Yona Mondo nchini Uganda, lilikataza kabisa mkopo wa aina yoyote, na ndugu waliokuwa na madeni wakahesabiwa kuwa wamerudi nyuma. Mkulima anayehitaji mbegu kabla ya mvua hawezi kuishi kwa sheria hiyo. Uamsho uliokuwa umezoea kuuliza swali sahihi ulianza kutoa jibu moja kwa kila mtu, na ushirika ukapasuka. Hata hivyo, kosa la Bazukufu lilikuwa kuhesabu kila deni kuwa dhambi. Hawakumfundisha mtu kwamba Mungu ndiye mdeni wake.

Fundisho hilo lilitoka kwingine. Mhubiri Oral Roberts wa Oklahoma, Marekani, alianza miaka ya 1950 kufundisha kwamba sadaka humrudia mtoaji kwa wingi, na akaja kuiita mbegu ya imani. Mhubiri mwenzake Kenneth Hagin akaongeza kwamba muumini anaweza kudai baraka kwa kuitamka. Mwaka 1987 Roberts aliwaambia wafuasi wake kwamba Mungu angemwita kutoka duniani asipopatiwa dola milioni 8. Benson Idahosa wa Benin City, Nigeria, alisoma Dallas mwanzoni mwa miaka ya 1970, akayapa mafundisho hayo sauti ya Kiafrika. Yalipotufikia kwa nguvu, katika miaka ya 1980 na 1990, yalitukuta katika hali mbaya: mishahara imeliwa na mfumuko wa bei, masharti ya Benki ya Dunia na IMF yamepunguza watu kazini, zahanati zinadai malipo. Wakati huo huo redio na televisheni za binafsi zikafunguliwa, Tanzania Bara ikipata televisheni yake ya kwanza mwaka 1994. Mtu aliyepoteza kazi bila kosa lake alisikia kwamba mlango wa riziki upo, na ufunguo wake ni bahasha ya sadaka.

Watetezi wa mafundisho hayo humtaja Ibrahimu na mifugo yake, na Ayubu aliyerudishiwa maradufu. Ila Ayubu hakupanda mbegu ili arudishiwe, na rafiki zake waliosema kwamba mateso yake yanathibitisha dhambi yake ndio waliokemewa na Mungu. Wengine husema maskini anahitaji tumaini, na kwamba kanisa la mafanikio limewatoa wengi kwenye pombe na uvivu. Tumaini anastahili, na nidhamu hiyo ni ya kweli. Ni ile ile waliyokuwa nayo Walokole. Lakini baraka isipokuja, lawama humwangukia mwenye imani ndogo, na yule aliyepokea sadaka haulizwi kitu. Wanatheolojia wa Kiafrika wa Vuguvugu la Lausanne, la Wakristo wa kiinjili duniani, waliokutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009 walikiri wema wa imani inayosisitiza nguvu za Mungu, kisha wakatamka wazi kwamba kupima hali ya kiroho ya mtu kwa mali yake ni kinyume cha Biblia.

Madhara makubwa zaidi naona yako madhabahuni. Imani inayosema mali ni ushahidi wa kibali cha Mungu haina sababu ya kumuuliza tajiri chochote. Mwanasiasa mwenye tuhuma za ufisadi huingia na burungutu, huombewa, hukalishwa mbele, na fedha ya umma hutoka upande wa pili ikiitwa baraka. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana la Kenya alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia ibadani. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mamilioni ya shilingi aliyotoa na kuahidi Rais William Ruto katika kanisa moja la Kahawa West, likaagiza fedha zilizokwisha kupokewa zirudishwe.